Bibi na Hiace: Mwongozo wa Kuhamia Barabarani Bila Kwenda Popote

Huko Marekani wapo wanawake waliovuka miaka sitini, pensheni ikashindwa na kodi ya nyumba, wakauza makochi wakahamia ndani ya magari. Mwandishi Jessica Bruder alifuatana nao akaandika kitabu, Nomadland, kilichotoka mwaka 2017, na filamu yake ikachukua Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Kila majira ya baridi wengi hukusanyika jangwani Quartzsite, Arizona, kupeana mbinu: ulalie nini, upikie wapi, petroli uipunguze vipi. Nimeona ni aibu sisi wa Rumonge, Burundi, kubaki nyuma. Wanawake wa umri huo tunao, Hiace tunazo, na barabara ya RN3 inafuata ufuo wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura mpaka Nyanza-Lac. Kilichopungua ni mwongozo tu.

Tuanze na gari. Wazungu huanza kwa kulinunua, lakini wewe usijisumbue. Mfanyabiashara wa mawese wa Rumonge hanunui gari, hulirithi mwenye gari angali hai. Asubuhi unapakia bidoni zako kumi na mbili, za lita ishirini ishirini, kwenye Hiace ya kwenda Bujumbura. Unalipa nauli yako na ya mzigo, unakaa nyuma ya dereva. Dereva anasema tupite stesheni ya mafuta mara moja, naongeza kidogo. Stesheni imekauka, lakini kuna tetesi, basi anaingia foleni. Hapo umeshapata nyumba. Jioni dereva atakwenda kwa mkewe. Konda atakwenda kutafuta chai na hatarudi mpaka chai hiyo iwe ya kesho. Abiria wenye mikoba midogo watateremka mmoja mmoja, wakidai nauli zao. Wewe huwezi kuteremka, maana mtaji wako wote uko chini ya viti. Na kwa desturi ya foleni, mwenye bidoni nyingi ndiye mwenye gari mpaka litembee.

Sasa kitanda. Zipange bidoni chini, sawasawa, zisiache mianya. Juu yake weka makatoni mawili yaliyofunguliwa, kisha mkeka, kisha kitenge cha zamani. Kipya kiweke kichwani kiwe mto, kwa sababu asubuhi utakihitaji kwa heshima. Lala kichwa kikiwa upande wa vifuniko, ili mtu asiye na haya akizungusha kifuniko usiku, umsikie sikioni. Usiku wa kiangazi, mwezi wa saba hivi, mawese huganda kidogo na kitanda kinakuwa kigumu. Saa nne asubuhi jua likishika bati, yanayeyuka na kitanda kinalegea. Hoteli za ufukweni haziwezi kukupa godoro linalobadilika lenyewe kwa saa. Jambo moja ambalo silifanyii mzaha: bidoni ya esansi, yaani petroli, isilale ndani pamoja nawe, hata ikiwa imefungwa, hata dereva akiapa. Mvuke wake hauonekani, na mshumaa wa jirani hauko mbali.

Mahali pa kuegesha hupangiwi na mtu, hupangwa na foleni, lakini ukipata nafasi ya kuchagua usikae nyuma ya mama muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Si kwa dharau; ndagala wakavu ndio waliosomesha nusu ya mji huu. Ila gunia moja la ndagala likipigwa na jua siku nzima, paka wa mtaa mzima wa Waswahili watahamia chini ya gari lako, na watoto wao. Nafuu ilikuwa mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Foleni haikunuka kabisa. Mama wa ndagala naye hakuwa na kitu cha kupakia wala cha kula, lakini hewa ilikuwa safi.

Tuje kwenye gharama za esansi, ambazo ndizo somo lenyewe. Burundi hainunui mafuta kwa faranga zake. Hununua kwa dola, na dola huja kwa kahawa, chai, madini na misaada, nazo zimekuwa haba kwa miaka mingi sasa. Tangu 2021 upungufu wa mafuta ulikuwa ukija na kuondoka, kisha ukaacha kuondoka. Bibi halaumiwi kwa hilo. Mawese yake yanauzwa kwa faranga.

Hesabu ya esansi ifanye kwa vidole. Rumonge mpaka Bujumbura ni kama kilomita 75. Hiace iliyozeeka kwa heshima hunywa lita kumi na mbili kwa kilomita mia, kwa hiyo kwenda na kurudi weka lita kumi na nane. Mwaka 2024 bei ya serikali ilikuwa karibu faranga 4,000 kwa lita: hiyo ni 72,000. Bei ya kichakani, ile ya chupa za maji zilizopangwa nyuma ya kibanda, haibandikwi ukutani, basi weka mara tatu kwa kuanzia: 216,000. Tofauti ni 144,000, na safari bado ni ile ile, mashimo ni yale yale. Utaambiwa tofauti hiyo analipa dereva. Dereva anaipandisha kwenye nauli, wewe unaipandisha kwenye mawese, mnunuzi wa Bujumbura anakataa, unaishusha tena, na mwisho inakaa kwenye kitenge kipya ambacho hukununua.

Ndiyo maana maisha ya garini yanafaa. Gari lisilotembea linakunywa lita sifuri kwa kilomita mia, rekodi ambayo hata Wajapani waliolitengeneza hawajaifikia.

Ukilazimika kununua ya kichakani, usinunue kwa imani. Mwombe kijana akumiminie kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, uiweke chini dakika tano bila kuigusa. Maji ni mazito kuliko esansi. Kama yamo, yatatulia chini na utauona mstari. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, ukurasa wa daftari la mjukuu unatosha. Esansi safi hukauka upesi na kuacha karatasi kama ilivyokuwa. Ikibaki alama ya mafuta, kuna mafuta ya taa ndani yake, au mazutu, yaani dizeli. Kijana atakwambia, "Bibi, hiyo imetoka Tanzania moja kwa moja, haijaguswa." Mwambie na wewe ulitoka Tanzania moja kwa moja, na ulishaguswa sana.

Hapo niseme neno kuhusu sifa za mwombaji. Washauri wa maisha ya garini hupenda kuwaandaa akina mama: utaweza kuishi na vitu vichache? Utaweza kulala mahali usipopajua? Sijui ni nani atakayemuuliza hayo bibi wa Rumonge bila kuona soni. Mwaka 1972 mabibi hao, wakikimbia mauaji, walivuka ziwa hili usiku, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, wakafika Kigoma, wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba, baadaye Mishamo, wakafyeka pori wakalima. Wengi wao walirudi 2008 na 2009 wakakuta michikichi ya baba zao ina mwenyewe mwingine, aliyekuwa ameivuna kwa miaka zaidi ya thelathini. Wapo waliogawana naye shamba nusu kwa nusu. Wapo ambao kesi zao zilizeeka kuliko wao. Mawese yaliyo chini ya kiti yametoka kwenye nusu hiyo. Siku nne katika Hiace, yenye vioo na redio? Ataomba mumpunguzie sauti ya redio, basi.

Kuoga. Watu wa Arizona hubeba maji kwenye mapipa. Sisi tuna ziwa, lakini ziwa lenyewe limeanza kuja kutuogesha. Mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia bandarini Rumonge na kwenye nyumba za ufuoni, na pale mchangani ulipokuwa ukiegesha gari jana, leo panaegesha mtumbwi. Viboko nao hutoka usiku kula majani na hawana habari na foleni. Ushauri wangu ni maji moto ya Mugara, hapo juu tu. Yanatoka ardhini tayari yakiwa na moto, bila kuni, bila mazutu. Ni nishati pekee katika eneo hili isiyokatika. Nenda kwa miguu. Ukichukua pikipiki utakuwa umeharibu hesabu yote ya esansi.

Turudi kwenye kuokoa esansi. Madereva wa barabara ya milimani ya Bugarama hujisifu kwamba huteremka mpaka Bujumbura wakiwa wamezima injini, na vijana wa baiskeli hupanda huko huko wakiwa wameng'ang'ania nyuma ya malori. Usijaribu kuiga. Barabara yetu inafuata maji, na maji hayana mteremko. Ila tuna Jumamosi asubuhi, saa za kazi za pamoja, ambapo magari hayatembei. Ni akiba ya esansi uliyopewa na serikali. Ipokee kwa mikono miwili, ukiwa na jembe.

Ukiwa foleni, injini isiwashwe kwa ajili ya kusogea mita tatu. Inasukumwa. Bibi hasukumi, bibi hukaa usukani, mkono dirishani, akiita: "Haya wanangu, haya wanangu." Vijana wa magari mengine watakuja, kwa kuwa kila mmoja ana bibi yake mahali fulani akiwa kwenye gari la mtu.

Mahusiano na mtu wa pampu yanataka upole. Usimuulize kama esansi iko. Anaulizwa hivyo tangu alfajiri. Mpelekee mhogo wa kuchoma na ndagala wachache, kisha zungumza naye mambo mengine.

"Mwanangu, mke amejifungua salama?"

"Salama, bibi, tunashukuru Mungu. Lori la mafuta liko njiani."

"Mimi nimeuliza mtoto."

"Ni mvulana, bibi. Limeshapita Mabanda."

Usitegemee sana. Lori lililopita Mabanda, huko kusini, linaweza kupita na Rumonge vilevile, likakupigia honi likielekea Bujumbura. Lakini sasa anakujua, na siku pampu itakapofunguliwa saa tisa usiku, mtu wa kwanza kugonga kioo atakuwa yeye.

Mnaosubiri muda mrefu, fuatilieni habari. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015, na mwaka 2025 mikoa ikapunguzwa kutoka kumi na minane hadi mitano, nasi tukajikuta mkoa wa Burunga. Bibi aliyeingia foleni akiwa mkoa mmoja anaweza kutoka akiwa mwingine bila gurudumu kuzunguka, na huo ndio usafiri wa bei nafuu kuliko wote nilioueleza hapa.

Siku ya kujaza ikifika, simama karibu na pampu utazame namba zikianzia sifuri. Lipa kwa noti zilizokunjwa tayari, maana umeme ukikatika katikati ya hesabu hakuna atakayekumbuka zilifika wapi. Angalia kifuniko cha tanki kimefungwa kwa kufuli, ufunguo uwe kwenye pindo la kitenge chako, si kwa konda. Kisha rudi kitini. Dereva atakuja mbio akipiga makofi, akitaka kuondoka saa ile ile. Mkumbushe kwamba abiria wote waliteremka tangu juzi, kwamba Hiace haiendi Bujumbura na mtu mmoja, na kwamba wewe na bidoni zako hamna haraka. Atazima injini, atamtuma konda stendi kuita watu, na konda atapitia chai.