Kiingilio Bure, Baraza Ina Wenyewe

Wakomoro wanatujua kuliko tunavyowajua. Wanakuja Kariakoo kufunga mizigo, wanakuja Dar es Salaam kutibiwa, na kule Unguja wameoana na watu mpaka ukimteta Mngazija hovyo unaweza kukuta mkweo yumo. Sisi je? Nilipotangaza ofisini kwamba likizo yangu naenda Komoro kutalii, mwenzangu wa kwanza aliuliza nani kafariki. Wa pili akauliza kama naenda kuoa. Hakuna aliyeuliza kuna nini cha kuona, nami nilishukuru, maana jibu sikuwa nalo.

Kwa faida yao hao wawili: Komoro ni visiwa vya volkeno vilivyokaa kati ya Msumbiji na Madagaska. Ngazija, Nzwani na Mwali ndivyo vinavyojitawala tangu tarehe 6 Julai 1975. Cha nne, Maore, kilibaki na Ufaransa, na usilianzishe jambo hilo ndani ya teksi kama una haraka. Kisiwa kikubwa ni Ngazija, na hicho kikubwa ni kidogo kuliko Unguja. Mji mkuu, Moroni, uko hapo pwani, na juu yake umekaa mlima Karthala, mita 2,361, ambao kila baada ya muda hutapika moto. Mara ya mwisho ilikuwa 2007.

Mtu aliyezoea utalii wa kwetu atahangaika. Kwetu kila kivutio kina geti, geti lina kibanda, kibanda kina dada mwenye kitabu cha risiti, na risiti ina bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Ngazija, ukiacha makumbusho, nilizunguka na pochi mkononi nikitafuta wa kumlipa. Ufuko hauna mlinzi. Msikiti wa kale hauna kibao. Ikulu ya masultani imebomoka na mbuzi wanaingia bila kuulizwa. Nikikaribia kitu cha kihistoria, anayetazamwa ni mimi. Watoto walinifuata mitaani kwa utulivu wa watu waliokuja kutalii, wakaniangalia nikipiga picha ukuta, wakaondoka nilipoanza kuwachosha.

Hiyo pochi yenyewe haikuwa na kitu cha maana. Kadi ya benki niliyoitegemea ilikataliwa na mashine ya kwanza, na ya pili ilikuwa imezimwa, kandokando yake amelala paka. Kilichoniokoa ni yuro chache nilizopewa na shemeji yangu kwa masharti ya kumletea vanila. Yuro moja ni faranga 492 za Komoro, na kiwango hicho kimefungwa, hakipandi wala hakishuki, kwa hiyo hata muuza ndizi anakupigia hesabu kichwani kabla hujatoa simu mfukoni.

Teksi za Moroni ni za kuchangia. Unaipungia mkono, unataja uendako, na dereva akiona njia yako inapatana na ya waliomo anasimama. Isipopatana anaondoka bila hata kukuaga. Iliyonichukua mimi ilikuwa na akina mama wawili nyuma, nyuso zao zimepakwa msandali uliosagwa, na mbaba mmoja aliyempakata jodari. Nilibanwa katikati. Jodari yule alikuwa mrefu kuliko kiti, hivyo mwenyewe akabaki na mkia, kichwa kikahamia kwangu.

“Mtanzania?” dereva akaniuliza. Nikakubali. “Mpira unaangalia?”

Hapo ndipo nilipoipata ziara ya kwanza yenye maelezo kamili. Msomaji anayefuatilia soka anakumbuka Januari 2022, Kombe la Mataifa ya Afrika kule Kamerun. Komoro, ikishiriki kwa mara ya kwanza, ikaifunga Ghana 3-2 na kuifungisha virago. Kisha ikapangiwa wenyeji, Kamerun, siku ambayo makipa wake wote walikuwa chini kwa korona na majeraha. Akasimama golini beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, kavaa jezi ya kipa iliyobandikwa namba 3 kwa utepe. Dakika ya 7 wakapata kadi nyekundu. Pamoja na yote hayo walifungwa 2-1 tu. Dereva alipofika pale Alhadhur anapookoa mikwaju miwili kwa mpigo, aliona maneno hayatoshi, akaachia usukani ili aruke vizuri. Teksi ikaenda kulia, akina mama wakamtaja Mungu, na jodari akaniangukia kifuani mzima mzima.

Nilishuka kwenye makumbusho ya taifa. Huko yumo gombesa, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka duniani makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Profesa J. L. B. Smith alimsaka wa pili kwa miaka 14, akatoa tangazo la zawadi ya pauni 100, na huyo wa pili akapatikana Nzwani mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walishangaa hiyo kelele ni ya nini. Wao walikuwa wakimvua siku zote na hawakumthamini, kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi na haina raha mdomoni. (Nasi tunaye Tanga, na hifadhi ya bahari yenye jina lake. Sijawahi kwenda.) Nilisimama mbele ya samaki yule, mnene, magamba kama deraya, nikamwambia mlinzi kwamba kwa umri alionao bado ana harufu kali.

“Gombesa hana harufu, bwana,” akasema kwa upole. “Ni wewe.”

Siku iliyofuata, nguo zikiwa kwenye kamba, nilikwenda kaskazini kuliona Ziwa la Chumvi. Ni shimo la volkeno lililojaa maji ya chumvi, la mviringo, rangi yake inabadilika kila wingu likipita, na kati yake na bahari kuna ukingo mwembamba tu. Dereva aliniacha barabarani akisema kutembea kidogo kutanifaa. Jua la saa saba juu ya mawe meusi ya volkeno si mzaha. Tena Ngazija ina mvua ya kutosha lakini haina mto hata mmoja, kwa kuwa mawe yake yana matundu na kila tone linazama. Watu wanakinga mvua kwenye matangi ya saruji na kuitumia kwa hesabu. Chupa yangu ilikwisha kabla sijafika. Kwenye nyumba ya kwanza, bibi mmoja ambaye wajukuu walimwita koko aliniona, na kabla sijafungua mdomo kikombe cha maji kilikuwa mkononi mwangu.

“Kunywa, mwanangu. Maliza kwanza, ndiyo uulize.”

Nilipouliza, akanisimulia. Hapo palipo na ziwa palikuwa na kijiji. Akapita mgeni mwenye elimu nzito, ana kiu, akaomba maji kila mlango akanyimwa, isipokuwa kwa mwanamke mmoja tu. Yule mwanamke akaambiwa ahame. Usiku kijiji kikazama na watu wake. Bibi alimaliza, akanitazama, akaitazama na chupa yangu, akamwita mjukuu alete kikombe kingine na dafu juu. Sijui kama wanaamini kisa hicho, ila najua hakuna mahali nimewahi kunyweshwa kwa bidii namna ile. Nilijaribu kukataa dafu la pili. Uso wake ulibadilika, nikalinywa.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Niliporudi Moroni nilikwenda kuswali alasiri kwenye msikiti wa zamani wa Ijumaa, ule mweupe wenye matao unaotazama bandari, wa mwaka 1427. Nilikuwa nimevaa makubadhi mapya niliyonunua Darajani, ukanda mwekundu, kushona kwa mkono, bado yanalia nikitembea. Nikayaacha mlangoni na mengine. Nilipotoka, mahali pake palikuwa na ndala za buluu, ndogo kwa mguu wangu, kisigino kimelika mpaka unauona mji kupitia humo. Mtu alikuwa ameteleza na yangu akiwaza dua zake. Inatokea kila msikiti, wala si jambo la kuitia polisi. Nikazivaa hizo ndala, vidole ndani, visigino nje, nikaingia vichochoro vya mtaa wa Badjanani nikitembea kwa adabu isiyo ya hiari.

Mbele kidogo pana uwanja wa mji, wenyewe wanauita bangwe, umezungushiwa mabenchi ya mawe. Sisi watu wa pwani tunajua baraza: anayechoka anakaa. Upande mmoja, penye kivuli kizuri, jiwe lilikuwa limesuguliwa na makalio ya karne na palikuwa tupu. Nikakaa. Nikanyoosha miguu.

Uwanja ukanyamaza. Waliokuwa wakicheza bao wakasimamisha kete. Kijana mmoja akanijia mbio, akainama sikioni.

“Kaka, samahani. Umeoa?”

“Nimeoa, na watoto ninao.”

“Ndoa kubwa?”

Nilimweleza kuhusu ukumbi tuliokodi Temeke, watu mia mbili na pilau ya kushiba. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanishika mkono, akaninyanyua.

Ndoa kubwa ya Ngazija, ada yenyewe, si kuoa tu. Unaweza kuwa umeshaoa na una wajukuu, bado hujaifanya. Ni dhahabu ya bibi harusi, ni ng'ombe, ni magunia ya mchele, ni karamu za mji mzima kwa siku nyingi, na mtu huweza kuitafutia fedha miaka ishirini akiwa anabeba maboksi Marseille. Akishaifanya, anavaa joho na skafu ya wakubwa, anaswali safu ya mbele, anasema mbele za watu na anasikilizwa, na anakaa kwenye lile jiwe. Asiyeifanya ni mtoto wa mji, hata akiwa na mvi. Rais Ali Soilih, mjamaa wa kweli, aliipiga marufuku kwa kuona inafilisi watu. Alipinduliwa na kuuawa mwaka 1978. Mabenchi yapo.

Kwa hiyo nilikuwa nimezunguka kisiwa kizima nikitafuta kiingilio, kumbe kiko pale nilipokalia, na ni cha bei ambayo hakuna mbuga ya wanyama iliyowahi kuthubutu kuitoza.

Nilipelekwa kwenye ngazi ya mwisho, juani, pamoja na vijana na mzee mmoja mwenye umri wa baba yangu. “Karibu,” akanisogezea nafasi. “Mimi bado nakusanya.” Tulikaa. Wakubwa wakaanza kufika mmoja mmoja, na mmoja wao, mrefu, joho jeusi, ndevu nyeupe, akaja akakaa penye kivuli, palepale nilipong'olewa. Akanyoosha miguu. Ukanda mwekundu. Kushona kwa mkono.

Nikamnong'oneza jirani yangu kwamba yale ni makubadhi yangu. Akashtuka. “Huwezi kumwambia. Wewe huruhusiwi kusema hapa.”

“Basi mwambie wewe.”

“Mimi hata wewe unanizidi, ni mgeni.”

Ikabidi shauri lipande ngazi. Mzee akamwambia kijana ambaye kaka yake ameoa ndoa kubwa, yule kaka akasogea kwa mjomba, mjomba akasubiri mazungumzo ya kodi ya bandari yaishe, kisha akainama kwa yule wa ndevu. Yule akatazama miguu yake kwa muda mrefu. Akatazama yangu.

“Nilidhani,” akasema kwa sauti ya kusikiwa na uwanja wote, “sala yangu leo imekubaliwa mpaka viatu.”

Walicheka wote, hata wacheza bao. Tukabadilishana pale katikati, na jioni nikalishwa kwake mataba ya majani ya muhogo na samaki mpaka nikaomba radhi. Alipojua naondoka Jumamosi alisikitika, kwani Jumapili kulikuwa na ndoa kubwa ya mpwawe na alitaka nione maana ya mchele.

Karthala nitaisema kwa ufupi, kwa sababu mlima huo nimeuona kidogo. Tulianza alfajiri na kijana wa kuniongoza, tukapita msituni, kisha vichaka, kisha mchanga mweusi. Tulipofika ukingoni mwa kreta, ambayo kwa upana ina kilometa kadhaa, wingu lilikuwa limeijaza yote. Nilisimama kwenye mojawapo ya volkeno kubwa zilizo hai duniani nikitazama weupe, meno yakigongana, kwa kuwa hakuna aliyenionya kwamba kwenye kisiwa cha minazi mtu huhitaji sweta. Wingu likapasuka dakika chache, nikaona chini ukuta wa kijivu na moshi mwembamba, likajifunga. Kijana akanipa simu yake. Alisema wageni wote anaowapandisha hupiga picha shimo, yeye hana picha hata moja akiwa pale. Nikampiga nyingi. Shimo halimo, yeye katoka vizuri.

Mwali nimeiacha, pamoja na kasa wake wa Itsamia wanaopanda kutaga, kwa safari nyingine, na vanila ya shemeji nimeifikisha. Kwa atakayetaka kwenda: ndege kutoka Dar es Salaam haimalizi saa mbili. Beba yuro taslimu, beba sweta, na viatu vya msikitini viwe vya zamani. Nenda Julai na Agosti ukitaka harusi, wakati Wakomoro wa Ufaransa wamerudi nyumbani kuoa. Ukitaka kiti kwenye ndege, nenda mwezi mwingine wowote.