Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Anayehusika na Sakafu

Chiwata, Wilaya ya Masasi,
Mkoa wa Mtwara.
Januari 2026.

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUAZIMWA SAKAFU

Husika na somo tajwa hapo juu.

Uniwie radhi kwa kutokukutaja kwa jina. Nimeulizia sana. Afisa wa michezo alisema futsal, ule mpira wa miguu wa ukumbini, ni mpira, niende kwa wa mpira. Wa mpira akasema ukumbi ni jengo, niende kwa wa majengo. Wa majengo, bwana muungwana kabisa, alinikaribisha kiti akaniuliza hiyo futsal imeanza kuwasumbua lini na kama kuna waliolazwa.

Basi nakuandikia wewe, popote ulipo, nikianza na pongezi. Tarehe 30 Aprili 2025, mjini Rabat, dada zetu wa timu ya taifa ya Tanzania walicheza fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Mataifa ya Afrika la futsal kwa wanawake. Walifungwa na Moroko 3–2, tena nyumbani kwa Moroko, nchi ambayo wanaume wake wamebeba ubingwa wa Afrika wa mchezo huo mara tatu mfululizo, 2016, 2020 na 2024. Tofauti ni bao moja tu. Nilijaribu kuligawanya bao hilo kwa idadi ya kumbi za futsal tulizonazo Chiwata, hesabu ikagoma. Mwalimu wa shule ya msingi akanikumbusha kwamba hakuna kugawanya kwa sifuri.

Usidhani nalalamika. Nashukuru. Wenye kumbi wanafundishwa futsal, sisi tumezaliwa nayo, ila tulikuwa tunaiita chandimu. Mwalimu Juan Carlos Ceriani aliutunga mchezo huu Montevideo, Uruguay, mwaka 1930, na sina ushahidi kwamba aliwahi kupita njia ya Masasi na Newala. Lakini tazama kanuni zake. Magoli madogo: ya kwetu ni mawe mawili, na kipa akizubaa yanasogea. Mpira usiodunda sana: wa kwetu haudundi kabisa, ni matambara na nyuzi za gunia, maana tangu mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukiutengenezea ipigwe marufuku Juni 2019 hata chandimu imepanda bei. Kubadilisha wachezaji bila kikomo: hapa binti hutoka mama yake anapomwita akachote maji, na huingia akirudi, shingo bado imenyooka kwa ile ndoo. Na saa husimama mpira ukitoka nje. Hilo sisi tumelizidisha kidogo. Mpira ukishika mteremko, saa inasimama, mchezo unasimama, na aliyeufuata anaweza kurudi na mabibo mkononi na habari za kijiji cha pili.

Kinachotushinda ni kitu kimoja, Mheshimiwa: sakafu. Futsal huchezwa kwa unyayo. Mchezaji anaukanyaga mpira, anauvuta, anauzungusha, anaupenyeza. Ukanyage mpira kwenye mchanga wetu uone. Unazama, na wewe unaufuata.

Sasa niseme jambo ambalo huenda ofisini kwako halijafika. Chiwata sakafu ipo. Ni ya saruji, imenyooka, ina paa, haina nguzo katikati. Ni ghala la korosho. Nimelipima kwa hatua zangu mwenyewe, jioni, nikijifanya natafuta mbuzi. Mita 40 kwa 20 za mashindano ya kimataifa halifikishi, sitakudanganya. Lakini kanuni za mchezo kwa mechi zisizo za kimataifa zinaridhika na mita 25 kwa 16, na hapo ghala linaingia bila kuvuta tumbo.

Korosho siionei wivu. Ndiyo iliyonisomeshea wanangu. Lakini nayo imelelewa, jamani! Inapimwa unyevu kama mtoto anavyopimwa homa. Inapangwa, inalazwa juu ya mbao isiguse ubaridi, inawekewa mlinzi usiku. Ikipata maji inashuka daraja, na wilaya nzima inasikitika. Binti akichunika goti kwenye kokoto hashuki daraja lolote. Anaambiwa apake mate.

Mwezi ule wa fainali ya Rabat ghala lilikuwa tupu. Msimu wa korosho ulishakwisha, ufuta ulikuwa haujaanza kuingia. Ndani palikuwa na sakafu na popo. Mabinti walikuwa nje ya mlango, wanacheza vumbini, na kila mpira uliopiga lile bati la mlango ulijibiwa na mwangwi mzuri sana wa ukumbi. Nilimwendea mshika ufunguo. Aliniambia ghala linapumzika.

Likapumzika mpaka ufuta ulipoingia. Kombe la Dunia la futsal kwa wanawake lilipoanza Ufilipino, Novemba 21, ghala lilikuwa limejaa magunia ya korosho mpaka juu, minada imepamba moto, na mimi mwenyewe nilikuwa na kilo zangu humo, kwa hiyo siku hiyo nilimuunga mkono mshika ufunguo kwa moyo wote. Tulifuatilia kwenye simu moja chini ya mkorosho. Timu 16, kutoka Afrika mbili tu, Moroko na sisi. Tulipangwa na Ureno, Japani na New Zealand. Kundi hatukuvuka. Ureno hao hao walikwenda mpaka fainali, wakafungwa na Brazil. Pale kijiweni wachambuzi walikubaliana kwamba tatizo letu ni uzoefu wa kimataifa. Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye hakuombwa maoni, alisema wenzetu wanacheza ndani.

Ombi langu basi ni dogo. Minada ikiisha, ghala likishafagiliwa, tuazime sakafu mpaka ufuta uanze kuingia. Tutavua viatu mlangoni, kwa walio navyo. Magoli tutachora kwa chaki ukutani, mita 3 kwa 2, na tutayafuta. Siku mzigo ukija mapema tutaubeba wenyewe kuuingiza, bure, kisha twende zetu. Popo tumeshazungumza nao.

Na iwapo utahitaji muhuri wa kamati kabla ya kujibu, nijulishe ni kamati gani, tuiunde.

Wako mtiifu,
Mkulima wa korosho na kocha wa kujitolea,
Chiwata.

Nakala: Mshika ufunguo wa ghala. (Asipokuwepo, ipenyezwe chini ya mlango. Angalau yenyewe itaigusa sakafu.)