Heko, Mbwa wa Ireland

Ukitaka kumtusi mtu kwa Kiswahili akakoma, humwiti simba wala chui. Unamwita mbwa, na hasira zikizidi unamwongezea "koko". Mnyama huyu hana jamvi analokaribishwa, na akitokea kwenye methali mara nyingi kaletwa achekwe. Leo naomba nimpandishe jukwaani. Simsemei mbwa wa polisi wala wa tajiri mwenye geti. Namsemea mbwa wa kawaida wa kijijini Ireland karne ya 19: mwenye viroboto, mwizi wa mayai, mkimbiza kondoo za watu. Kwa anayetafuta ukoo wa Mwairishi aliyehamia Boston au New York, mbwa huyu katenda mengi kuliko serikali, na nitathibitisha.

Chukua mtafutaji wa leo kule Marekani. Anajua babu wa babu yake aliitwa Patrick Murphy na alitoka Ireland. Hapo ndipo elimu yake inapoishia. Murphy ndilo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi nchini humo, na Patrick hawahesabiki. Sensa za Marekani zilipouliza mtu huyu kazaliwa wapi, karani aliandika neno moja, "Ireland", akahamia nyumba ya pili. Orodha za abiria wa meli zilizosomba watu wakati wa njaa kuu ya viazi, kuanzia 1845 hadi 1852, kwa kawaida hazisemi zaidi. Na Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine havizidi mashamba mawili na kisima. Bila jina la kitongoji, mtafutaji hana pa kugonga hodi.

Basi anageukia kumbukumbu za Ireland kwenyewe, na huko anapokewa na majivu. Sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya kujumlisha hesabu zake. Za 1881 na 1891 zilisagwa zikawa karatasi chakavu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zile za zamani zaidi, za 1821 hadi 1851, zilihifadhiwa vizuri kabisa, kwa mpangilio, ndani ya jumba la nyaraka lililokuwa Four Courts, Dublin. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa na siku mbili tu, jumba hilo lililipuka na kuungua, na pamoja nalo karne kadhaa za wosia, vitabu vingi vya kanisa na majina ya watu. Vikabaki vipande. Sensa kamili ya kwanza unayoweza kuisoma leo ni ya 1901.

Kuna anayesema: si kuna kitabu cha Griffith? Kipo, na Mungu amrehemu Richard Griffith, maana kati ya 1847 na 1864 watu wake walizunguka nchi nzima wakiorodhesha nani kakalia shamba la nani na lina thamani gani. Ila linaandikwa jina la mkuu wa nyumba pekee. Mke hayumo, watoto hawamo. Na kazi ile ikaisha 1864. Kutoka hapo mpaka 1901 ni miaka 37 ya giza, na ndiyo miaka ambayo wazee wanakufa, vijana wanapanda meli na mashamba yanabadilika mikono.

Giza hilo ndilo mbwa alilolilinda.

Mwaka 1865 Bunge la London lilitunga sheria ya kudhibiti mbwa wa Ireland. Walikuwa wengi kupita kiasi, hawana wa kuwakemea, na kondoo walikuwa wanararuliwa malishoni. Kuanzia 1866 kila mwenye mbwa alitakiwa kukata leseni kila mwaka: shilingi mbili kwa kila mbwa, na peni sita za shughuli ya karani. Kwa kibarua wa shamba huo ulikuwa ujira wa siku mbili hivi, atoe kwa ajili ya kiumbe asiyekamuliwa wala kuliwa. Watu walinung'unika, wakalipa. Na karani wa mahakama ndogo ya eneo, ambaye hakuwa na nia yoyote njema kwa vizazi vijavyo, akafungua daftari.

Tazama mstari mmoja wa daftari hilo. Tarehe. Jina la mwenye mbwa. Anapoishi, na hapa ndipo moyo wa mtafutaji unaporuka, kwa sababu kinatajwa kitongoji. Kisha mbwa: dume au jike, rangi gani, wa kuchunga kondoo au wa kukamata panya. Kisha fedha. Utaona mwenyewe kwamba mbwa kaelezwa vizuri kuliko bwana wake. Tunajua alikuwa mwekundu mwenye weupe. Bwana wake kama alikuwa mrefu, mfupi au kengeza, serikali haikuona faida ya kuuliza.

Wako watakaoniambia kwamba vizazi na vifo vya raia wote vilianza kuandikishwa Ireland mwaka 1864, kwa hiyo namtukuza mbwa bure. Ni kweli vilianza. Lakini daftari la serikali humwona binadamu mara tatu: anapozaliwa, anapooa na anapokufa, na katika mbili kati ya hizo anazungumziwa na wengine. Mbwa humleta bwana wake mbele ya karani kila mwaka. Ukifuatilia jina moja mwaka hadi mwaka, utaona mbwa mweusi anazeeka, anatoweka, analetwa wa kahawia. Halafu mwaka fulani mbwa ni yuleyule, kitongoji ni kilekile, ila anayelipa si Patrick tena. Ni Mary. Hapo mtafutaji mwerevu haulizi zaidi. Anakwenda moja kwa moja kwenye daftari la vifo la miezi kumi na miwili iliyotangulia.

Na mbwa ana sifa nyingine inayowashinda wanadamu: hadanganyi umri wake. Januari 1909 serikali ilipoanza kulipa pensheni ya wazee, hadi shilingi tano kwa wiki kwa aliyefikisha miaka 70, hakuna mzee Ireland aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa, maana uandikishaji ulikuja wakiwa watu wazima. Ikawa mtu huulizwa kama anaukumbuka Usiku wa Upepo Mkuu, ile dhoruba ya tarehe 6 Januari 1839. Lo! Kumbe kila mtu aliukumbuka. Linganisha sensa ya 1901 na ya 1911 uone maajabu: watu waliozeeka kwa miaka 15 au zaidi ndani ya miaka 10. Sitawalaumu, shilingi tano ni shilingi tano. Nasema tu kwamba katika daftari la mbwa sijui sababu yoyote ya mtu kuongeza chumvi. Kama alidanganya, alipunguza idadi ya mbwa.

Wasimamizi wengine wa kumbukumbu nawaheshimu kwa mipaka. Padri aliandika ubatizo kwa Kilatini, James akawa Jacobus, William akawa Gulielmus, kwa wino uliochanganywa na maji na mkono wa mtu mwenye baridi. Maktaba ya Taifa ya Ireland iliyaweka madaftari hayo mtandaoni mwaka 2015 bila malipo, na hapo umma ukajionea mwandiko wenyewe.

Haki inanitaka niseme alipokosekana mbwa. Aliyeondoka kabla ya 1866 hana leseni. Hapo mtafutaji huwinda kaka aliyebaki na shamba na mnyama wake. Barack Obama, ambaye Afrika Mashariki tunamhesabu mtu wa Kogelo, ana babu wa mbali upande wa mama aliyeitwa Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa Moneygall, aliyesafiri kwenda Marekani mwaka 1850. Huyo aliokolewa na vitabu vya kanisa, na nadhani pia na wazazi wake waliokataa kumwita Patrick. Vilevile fukara kabisa hakuwa na mbwa, au alikuwa naye akamficha.

Huyu mwenye kuficha ndiye ninayegombana naye. Kwa shilingi mbili na peni sita alizookoa, vilembwe wake wanatumia maelfu ya dola kulipia vipimo vya vinasaba na tiketi za ndege. Isipokuwa kama alikamatwa. Akikamatwa ni neema, kwa maana mahakama ndogo ileile iliyouza leseni ndiyo iliyohukumu wasio nazo, na kitabu cha kesi kinaandika jina la mshtakiwa, kitongoji chake na kosa lenyewe, katikati ya walevi, wenye ng'ombe waliozurura barabarani na wenye mikokoteni isiyoandikwa majina ya wenyewe. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua babu, usichague mcha Mungu aliyeishi kwa amani na kila mtu. Chagua aliyelipia mbwa miaka ishirini mfululizo, akasahau mmoja, na siku hiyohiyo mbwa akamng'ata askari.