Mjomba Anajibu: Viatu vya Barafu vya Mtu wa Soy

*Mjomba, nimeona kwenye simu watu wakiteleza juu ya barafu, nami nataka kuanza. Navaa kiatu namba 42. Ninunue saizi gani? — Mtelezi Mtarajiwa, Soy.*

Mpwa wangu, umebahatika kuniandikia mimi. Mshauri mwingine angekuuliza barafu utaitoa wapi, na ndoto yako ingeishia hapo. Mimi sikatishi watu tamaa. Ndimi niliyemshauri jirani afuge bata mahali pasipo na maji, na leo hakuna bata Uasin Gishu nzima wanaotembea mwendo mrefu kuwapita wake.

Barafu ya Soy huja na mvua ya mawe, hulala shambani kidogo, kisha huondoka na mahindi yetu. Hiyo haitelezeki. Ya kutelezea waliitengeneza Nairobi, ndani ya Hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa, ambako uwanja ulifunguliwa mwaka wa 2005. Huko ndiko ilikokulia Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu, na mwaka wa 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Bado hawajaniita niwe kocha. Simu yangu iko wazi.

Na asikwambie mtu kwamba baridi si yetu. Philip Boit, mzaliwa wa Eldoret, alikwenda Olimpiki ya Nagano mwaka wa 1998 akashindana kwa ski, kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akabaki kwenye utepe akimngoja ili ampongeze. Boit alirudi akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mimi pia nina mpwa aliyepewa jina langu, ila baba yake alilibadilisha baada ya wiki.

Haya, saizi. Sisi tulinunuliwa viatu vikubwa, eti tutakua, na cha kidato cha kwanza kikatufikisha cha nne. Ukifanya hivyo barafuni utavunjika mguu. Viatu vya hoki ya barafu huwa vidogo kwa namba moja hadi moja na nusu kuliko vya kutembelea, lakini kila mtengenezaji ana hesabu zake, kwa hivyo sahau hiyo 42. Simama juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, uuchore, upime kwa sentimita, halafu utazame jedwali la mtengenezaji. Pima miguu yote miwili. Wangu wa kulia ni mkubwa kwa sababu ya uongozi.

Ukivaa, gonga kisigino chini kirudi nyuma kabisa, ndipo ufunge kamba: zilegee kidogo vidoleni, zikazwe kifundoni. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kwa mbali. Ukikunja magoti, vijitoe. Kisigino kisiinuke hata kidogo. Soksi ni moja, nyembamba. Anayevaa mbili ili kiatu kikubwa kimkae atarudi na malengelenge. Ukikiminya kiatu kifundoni kikajikunja kama chapati, mrudishie mwenye mitumba hata akikupunguzia bei hadi nauli. Vile vya densi vina meno mbele ya chuma; ukijaribu kuyafanya breki utalala kifudifudi mbele ya watoto wa Nairobi.

Mazoezi fanyia nyumbani. Tandaza turubai la kuanikia mahindi, mwagia maji ya sabuni, funga magunzi magotini, uteleze kwa heshima. Mbinu hii niliivumbua mwenyewe. Yule jirani wa bata aliijaribu akajikuta barabara ya Kitale bila kukusudia, na hadi leo anasimulia kuhusu kasi yake, si kuhusu kidonda. Nilikuwa nieleze pia jinsi nilivyokataa kugombea udiwani...

Mhariri anasema nafasi imekwisha. Basi upesi: piga simu uwanjani kabla ya kupanda matatu, maana ni zaidi ya kilomita 300. Kodi viatu vyao kwanza, usinunue kabla hujajua kama utarudi. Chuma kipya kinolewe kabla ya kukanyaga barafu, na ukitoka kifute kikauke, kisishike kutu.

Na wewe wa Ziwa uliyeuliza kuhusu trekta ya baba mkwe: irudishe leo.