Barua ya Wazi kwa Spika: Naomba Jina la Aliyesema Ndiyo

Mheshimiwa Spika,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: MAOMBI YA REKODI YA KURA ZA MBUNGE WANGU KATIKA MAMBO YA NDOA, WATOTO NA FAMILIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa Spika, awali ya yote nakupongeza kwa kuaminiwa kukalia Kiti hicho. Nawapongeza pia Waheshimiwa Wabunge wote kwa kuingia mjengoni, kila mmoja kwa njia yake. Najua kwenu mtu asiyeanza na pongezi hasikilizwi, kwa hiyo nimezitoa zote mapema ili tubaki na hoja.

Nilitaka jambo dogo tu. Nasikia Marekani mpiga kura akitaka kujua mbunge wake alipigaje kura kuhusu ndoa au utoaji mimba, anakuta jina, tarehe na upande aliosimama. Atampenda kwa hilo au atamchukia kwa hilo, lakini hatamsingizia. Nikaona na mimi nimfungulie Mheshimiwa wangu jalada. Nikaketi na Taarifa Rasmi za Bunge, zile tunazoziita Hansard, nikaanza kupekua.

Waandishi wa Hansard wanastahili nishani. Hawaachi kitu. Mbunge akichekesha, wameandika (Kicheko). Wenzake wakigonga meza, wameandika (Makofi). Kicheko na makofi vikija kwa pamoja, vyote viwili vimeingizwa kwenye mabano. Ila ukifika pale sheria yenyewe inapopita, sheria itakayoingia chumbani mwa watu na kukaa humo nusu karne, unakuta mistari miwili: (Hoja ilitolewa iamuliwe). (Hoja iliamuliwa na kuafikiwa). Basi. Iliafikiwa na akina nani? Na sauti.

Kiti kinawaambia wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi unanguruma. Wasioafiki waseme siyo, anasikika mmoja au wawili huko nyuma, siku nyingine hasikiki mtu. Kiti kinadhani walioafiki wameshinda, na kwa dhana hiyo taifa linapata sheria. Mbunge wangu alikuwemo? Alinguruma? Alisema siyo kwa sauti ya mtu mwenye mafua? Alikuwa kantini? Hansard haijui, na baada ya miaka miwili nina hakika hata yeye hakumbuki.

Mimi nimefundisha shule za msingi za wilayani Bahi na Chamwino hadi kustaafu. Kila asubuhi niliita majina, nikatia alama kwenye daftari la mahudhurio, jina kwa jina, hata mwaka wa njaa ambapo nusu ya darasa ilikuwa porini na ng'ombe. Mkaguzi angekuja nikamwambia, "Darasa limeitikia kwa nguvu, nadhani wengi wapo," ningehamishwa kabla ya jua kuzama.

Sasa niende kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1969 Serikali ilitoa Waraka Namba 1, ikakusanya maoni ya wananchi kuhusu ndoa, na mwaka 1971 Sheria ya Ndoa ikapita. Ilikuwa sheria jasiri kwa wakati wake: iliwakusanya Waislamu, Wakristo, Wahindu na wenye mila zao chini ya paa moja, ikatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumcharaza mwenzi wake. Lakini kifungu cha 13 kikampa mvulana miaka 18 na msichana miaka 15, au 14 mahakama ikiridhia. Kifungu cha 17 kikasema huyo wa chini ya 18 aolewe kwa idhini ya baba.

Julai 8, 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo viwili vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, iwe miaka 18 kwa wote. Aliyefungua kesi ni Rebeca Gyumi, mzaliwa wa hapa hapa Dodoma. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Oktoba 23, 2019, Mahakama ya Rufani ikaitupa. Hakuna mahakama nyingine ya kukimbilia juu ya hiyo, kwa hiyo shauri likabaki na ninyi. Bunge la Kumi na Moja likamaliza muda wake. Bunge la Kumi na Mbili nalo likamaliza muda wake mwaka 2025. Kifungu cha 13 kiko palepale, kina afya njema, kinawasalimu.

Isije ikaonekana nawaonea, Mheshimiwa Spika. Mwaka uleule wa 2016 Bunge lilitunga kifungu kikali kwenye Sheria ya Elimu: anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, jela miaka 30. Mwaka 2009 mlipitisha Sheria ya Mtoto, ikatamka kwamba kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mwaka 1998 mlipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana: kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata kama amekubali, isipokuwa awe mke wa mwanamume huyo, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana.

Hebu tumchukue binti mmoja wa miaka 15, wa kijiji chochote kati ya Mpwapwa na Manyoni, tumpitishe kwenye kazi ya mikono yenu. Akiwa amevaa sare, anayemuoa anaenda gereza la Isanga miaka 30. Akivua sare, baba yake akiridhia, anayemuoa anaenda kwa mpiga picha. Mwanamume yuleyule akimgusa Ijumaa bila ndoa ni mbakaji. Jumamosi akishapata cheti ni mume. Kwa Sheria ya Mtoto binti huyo anahitaji malezi. Kwa Sheria ya Ndoa analea. Kura hapigi mpaka miaka 18, ubunge hagombei mpaka 21, lakini akifiwa na mume mwakani atakuwa mjane kamili, na ndugu wa marehemu watamkalisha kikao cha mirathi pamoja na watu wazima wenzake.

Kijijini hesabu hii inajulikana kuliko inavyojulikana kwa mawakili. Ndiyo maana wako wazazi wanaomwambia binti aandike ovyo mtihani wa darasa la saba. Akishindwa, si mwanafunzi tena, miaka 30 imefutika, ng'ombe wanaanza kuhesabiwa. Nimesahihisha madaftari ya watoto waliokuwa wakipata themanini Agosti na kukosa hata jina la somo Septemba. Na nyie mnajiuliza kwa nini wasichana wanafeli!

Haya hayako mbali na kiti chako. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionesha kwamba mkoani Dodoma asilimia 51 ya wanawake wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Kwa nchi nzima, utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 29. Wabunge wanatoka mikoa yote kuja kuijadili nchi, wanapita barabara ya lami katikati ya tatizo, vioo vya gari vimepandishwa kwa sababu ya vumbi.

Sababu ya kuchelewa tumeambiwa mara nyingi: maoni ya wadau yanakusanywa. Mawaziri wa Katiba na Sheria wamepokezana jibu hilo vizuri, hakuna aliyeliangusha. Maoni ya kutunga sheria nzima ya 1971 yalikusanywa kwa muda usiofika miaka miwili, bila simu za mkononi, Land Rover zikikwama kwenye mito ya msimu. Ya kubadili tarakimu moja, kutoka 15 kwenda 18, tangu hukumu imepita zaidi ya miaka tisa na wadau hawajaisha. Mbona mengine hayasubiri wadau? Ukumbi wenu mliouzindua mwaka 2006 una umbo la msonge. Sisi Wagogo tunajenga tembe, lakini hatukuulizwa. Nadhani wakati ule tulikuwa hatujawa wadau.

Simdharau anayepinga. Wako masheikh wanaosema balehe ndiyo kipimo, wako wazee wanaouliza binti akipata mimba nje ya ndoa atasitiriwa na nani. Ni maswali ya watu wazima na yanataka majibu ya watu wazima. Mbunge akisimama akasema, "Mimi naitwa fulani, napinga miaka 18, sababu zangu ni hizi," nitabishana naye hadi mwisho, na nitamheshimu kuliko huyu wangu anayekuja jimboni kugawa jezi na kusema tumuombee. Ibara ya 100 ya Katiba inamlinda mbunge kwa anayoyasema bungeni. Haijawahi kumlinda kwa asiyoyasema, ila inaonekana huko hahitaji ulinzi.

Wala msiseme hakukuwa na mtu wa kulisukuma jambo hili. Katika miaka hiyo tangu hukumu ya 2016 Kiti kilikaliwa na marehemu Job Ndugai, mbunge wa Kongwa, mkoa huu huu wa Dodoma. Kikakaliwa na Dkt. Tulia Ackson, mwanamke, mwalimu wa sheria, ambaye mwaka 2023 dunia ilimchagua kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge. Wabunge wanawake wa Viti Maalum wanajaza safu na safu. Ikiwa hapo hapakuwa na sauti ya kutosha, sijui tuagize wapi.

Ukweli ni kwamba kura ya majina mnaijua. Mnaipiga kila Juni kwenye bajeti: Katibu anaita, kila mmoja anajibu. Nimejiuliza kwa nini bajeti hasa, nikaenda Ibara ya 90, nikaelewa: Bunge likiikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Panapohusika ajira zenu, kila jina linaitwa. Panapohusika binti wa Bahi, inatosha kunguruma.

Hata hivyo nashukuru kwa bajeti, maana ndiyo kumbukumbu pekee niliyopata ya kumwekea Mheshimiwa jalada. Ya Juni 2018 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, ili mabinti wasikose shule. Wengi wakaitwa, wakajibu ndiyo. Ya Juni 2019 ikairudisha kodi hiyohiyo, kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Walewale wakaitwa, wakajibu ndiyo. Ukurasa mmoja, mbunge mmoja, taulo moja.

Mapendekezo yangu ni haya, Mheshimiwa Spika. Muswada wa kurekebisha kifungu cha 13 na cha 17 ukija, au mbunge yeyote akithubutu kuuleta kama muswada binafsi bila kuisubiri Serikali, usiwaambie waseme ndiyo kwa pamoja. Waite. Sheria mnayoitetea inamtaka baba wa kijijini, asiye na posho wala dereva, aseme mwenyewe kwamba ameridhia binti yake aolewe akiwa na miaka 15. Mbunge naye aseme mwenyewe, jina lake likisomwa, na Hansard iandike hapo badala ya kicheko.

Majina ni mengi, na upepo wa Dodoma unakausha koo. Katibu akichoka njiani, mimi kuita majina ndiyo kazi iliyonipa pensheni. Nauli ya Bahi hadi mjini nitajilipia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Bahi.

Nakala: Mheshimiwa Mbunge wangu, kwa taarifa. Hakuna haja ya kupiga meza.