Sifa za Mbwa Asusaye

Mbwa wanaosifiwa siku zote ni walaji. Anasifiwa mlinzi aliyemkamata mwizi, anasifiwa mwindaji, anasifiwa yule aliyemngoja tajiri wake kizingitini mpaka akazeeka. Wote hao, ukichunguza, walikuwa wakila walichopewa, na uaminifu wao una harufu ya mshahara. Sijaona aliyekaa chini akamsifu mbwa anayeletewa bakuli, akalinusa, akamtazama mletaji kuanzia miguuni hadi usoni, kisha akaenda kulala. Basi nimeamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Mbwa wa aina hiyo ninaishi naye, na kusema kweli ndiye mwenye msimamo kuliko wote waliomo nyumbani kwetu.

Anaitwa Bosi. Mama yake alikuwa mbwa wa kizungu wa Mbezi Beach. Baba hakujitokeza, ila ukipita Kimara jioni utayaona masikio ya Bosi kwenye vichwa vya mbwa kadhaa. Kwa nasaba hiyo mtu angetegemea ale chochote. Wapi! Tulianza naye kwa chakula kinacholisha mbwa wengi wa Dar es Salaam: ugali wa dona uliosongwa mlegevu, dagaa wa kuchemsha ndani yake, chumvi hakuna. Mbwa wa jirani wanakula hivyohivyo na wamenawiri, manyoya yanang'aa. Bosi akasusa.

Na kususa kwenyewe kuna utaratibu. Kwanza hunusa ukingo wa bakuli, hakigusi chakula. Kisha huanza kuzika. Pua inasukuma sakafu ya vigae, kr, kr, kr, anafukia bakuli kwa udongo usiokuwepo. Akimaliza upande huu anahamia ule. Mazishi yakikamilika hupiga chafya moja na kuondoka. Dada wa kazi, ambaye ndiye aliyesonga ule ugali, husimama mlangoni na mwiko mkononi akitazama jasho lake likizikwa lingali la moto.

Siku ya huruma hula dagaa. Huwatoa mmoja mmoja kwa meno ya mbele, anawapanga sakafuni, anawakagua, ndipo anawala. Ugali unabaki na matundu pale kila dagaa alipokuwa. Nimeinama kuuangalia kwa tochi ya simu: hata chembe ya dona haijapungua. Fundi saa wa Kariakoo hana mkono mwepesi namna hiyo.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Bosi hata uliojaa haulambi. Jirani yetu Ostadhi, anayefundisha madrasa nyumba ya tatu, hamsogelei kwa ajili ya twahara, lakini anamheshimu. Siku moja aliniambia akiwa upande wake wa ukuta kwamba chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mbwa wangu, kwa anavyomwona, hajawahi kumpa mtu kazi hiyo. Akaongeza habari ya watu wa pangoni: vijana waliomkimbia mfalme dhalimu wakalala humo miaka 309, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Mapokeo yanamwita Kitmiri. Miaka yote hiyo hakuna anayesimulia kwamba aliletewa bakuli. Tangu siku ile, Bosi akilala mlangoni na miguu yake mbele, bakuli limejaa pembeni, najikuta nashusha sauti.

Nasaba nyingine imefunuliwa na wanasayansi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, na wenzao walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha jeni za mbwa wa nyumbani na za mbwa mwitu wa nchi za baridi, jamaa wa mababu wa Bosi. Mbwa mwitu wale walikuwa na nakala 2 za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mbwa wa nyumbani walikuwa na kuanzia 4 hadi 30. Maana yake, tangu mababu zake waanze kuzurura pembezoni mwa vijiji wakiokota makombo ya wakulima, mwili wa mbwa umejengeka kula nafaka. Bosi ana kila kifaa cha kumeng'enya dona. Anakataa kukitumia. Hapo ndipo ukuu wake unapoanzia: asiyekula kwa kuwa hawezi ni mgonjwa, lakini anayeweza na hali, huyo ana kanuni zake.

Wasiomwelewa husema ni ulimi uliodekezwa. Wamekosea mahali pa kulaumu. Ulimi wa mbwa una vinundu vya kuonja ladha 1,700 hivi. Wa binadamu una kama 9,000. Wewe unayekula kiporo bila kuuliza una ulimi mkali mara tano kuliko wake. Bosi anachagua kwa pua, na pua haidanganywi na rangi ya mchuzi. Chakula kilichotoka kwenye friji kwake hakipo, maana baridi imeizuia harufu isipae. Kipashe kidogo kiwe vuguvugu, kimwagie supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu, na utaona masikio yanasimama kabla hujafika nacho mlangoni. Hayo tulifundishwa na yeye. Leo chakula cha mbwa kinapashwa kila jioni. Mimi nakula changu kikiwa kimepoa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiuliza pua yangu.

Lakini sifa yake kubwa kuliko zote ni majadiliano. Viongozi wa wafanyakazi wanaoingia mezani na kurasa arobaini za madai, wakatoka wamepewa soda na ahadi, wangefaa kuja kukaa kwetu wamwone. Bosi hajawahi kutaja anachotaka. Anakataa tu, ananyamaza, na upande wa pili unapandisha dau wenyewe. Dona ikageuka wali wa chenga. Wali ukaongezewa mapupu ya buchani. Mapupu yakawa lazima yakatwe vidogo, halafu zikaja firigisi, mpaka mwenye bucha akaanza kuniuliza kwa upole kama nyumbani kuna mgonjwa. Tulipofika kwenye maini, tena ya kulishwa kwa mkono, mtoto wa darasa la nne amechuchumaa anabembeleza, "Kula Bosi, kidogo tu, hiki cha baba, hiki cha mama," Bosi alikuwa hajalegeza hata kipengele kimoja.

Ivan Pavlov wa Urusi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, na ulimwengu unamkumbuka kwa mbwa waliotokwa mate kwa kusikia tu ishara ya mlo. Kwetu mtafiti ni Bosi. Yeye hushusha pumzi ndefu mara moja, na watu wanne wanainuka kuelekea kwenye friji.

Kuna kipindi tulijaribu chakula cha mfuko kutoka supamaketi, kwa bei ambayo sikuitaja nyumbani. Biashara hiyo ina umri. Mmarekani James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa London katika miaka ya 1860, na tangu hapo maandishi ya kwenye pakiti yamekuwa yakitungwa kwa ajili ya anayelipa, si anayekula. Mfuko wetu ulikuwa na picha ya mnofu mwekundu, karoti, na jani moja la kiungo ambacho hata sisi hatukijui. Bosi alichukua punje moja kwa heshima zote, akaibeba hadi kwenye zulia la sebuleni, akaiweka chini, kisha akalala chali na kujigaragaza juu yake. Zilizobaki zilikwenda kwa kuku, nao walifurahi sana.

Mama yangu alipokuja kutoka Muheza alimtazama siku ya kwanza akizika bakuli, akaguna.

"Mwanangu, mbwa naye anachagua? Njaa haijamfika huyo. Mchagua nazi hupata koroma."

"Mama, huyu alichagua nazi akapata dafu."

"Basi nyinyi ndio makoroma," akasema, akaomba chai.

Hatimaye tukamwita bwana mifugo. Alikuja kwa bodaboda na begi lake, kijana mpole aliyesomea Morogoro. Kabla hajatoa neno alimfungua Bosi kinywa, akatazama meno na ufizi, akapekua masikio na katikati ya vidole akitafuta kupe, akapima joto, akauliza dawa ya minyoo alipewa lini. Hapa inabidi nisimamishe sifa kidogo, kwa sababu wapo wanaozipata pasipo haki. Mbwa aliyekuwa akila vizuri halafu akasusa ghafla si wa kusifiwa, ni wa kupelekwa kwa daktari. Vivyo hivyo anayetapika, anayeharisha, aliyelegea, mwenye ufizi uliopauka, au anayekataa na maji. Magonjwa yaletwayo na kupe huiua hamu ya kula mapema, na jino bovu hufanya mbwa asogelee bakuli kwa hamu kisha arudi nyuma. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kupitisha siku moja bila kula na asidhurike; kitoto cha mbwa kisifanyiwe majaribio hayo. Msusaji halisi macho yake yanang'aa, geti likigongwa anawahi wa kwanza, na biskuti ya mtoto haimpiti.

Bwana mifugo akampapasa mbavu kwa muda. Akazitafuta tena.

"Mzee," akaniambia, "huyu amenenepa."

Palikuwa kimya. Kisha akauliza swali ambalo sisi wote, pamoja na elimu zetu, hatukuwahi kuulizana: nje ya bakuli, anakula nini? Mlinzi akakohoa, akasema asubuhi huwa anamgawia nusu andazi, kwa kuwa wanakesha pamoja. Dada wa kazi akasema ukoko wa wali si chakula, ule ni wa kusafishia sufuria. Watoto wakataja kingo za chapati, ngozi za kuku na vitu vingine ambavyo mama yao alikuwa akivitafuta. Mama yangu hakusema lolote, ila alikuwa ameshika kitu ndani ya upindo wa kanga na Bosi alikuwa akikitazama. Mwisho mlinzi, ambaye ukweli ulikuwa umeshamtoka na hakuona sababu ya kubakiza, akaeleza kwamba jioni, geti likifunguliwa, Bosi huenda hadi kwenye baa ya nyama choma pale kona. Ana kiti chake, yaani chini ya kiti fulani. Kule wanamwita Jeki.

Wapo watakaoona hapo aibu. Mimi niliona upeo wa kipaji. Mtu anayetegemea mwajiri mmoja hathubutu kugoma. Bosi alikuwa na malipo kutoka mikono mitano na jina la pili, na ndiyo maana aliweza kuliangalia bakuli letu kwa utulivu ule. Udhaifu wa kila mmoja wetu aliusoma peke yake, akapanga zamu, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Watu waliosomea uongozi wameshindwa kuendesha ofisi ya watu saba kwa siri namna hiyo.

Dawa aliyotuachia bwana mifugo haikuwa ya kwenye chupa. Bakuli litoke asubuhi na jioni, saa zilezile. Likae dakika 20, liondolewe, amekula hajala, bila kubembeleza wala kugomba. Vipande vya pembeni visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Akibadilishiwa chakula, kipya kichanganywe na cha zamani kidogokidogo kwa wiki nzima, tumbo lizoee. Vitunguu vya aina zote, thomu, chokoleti na zabibu ni marufuku, na mifupa iliyopikwa pia, hasa ya kuku, maana hupasuka vichokoo vinavyochana utumbo. Na geti lifungwe.

"Dakika ishirini!" mama akasema baada ya bodaboda kuondoka. "Hata mgonjwa hospitalini sahani yake haiharakishwi hivyo."

Jioni ile Bosi alizika bakuli kama ilivyo ada, na dakika zilipotimia likaondolewa. Alibaki amekaa anatazama mahali lilipokuwa. Asubuhi alizika upande mmoja tu. Kufika jioni, akiwa ametembelea kila chumba na kukuta kila mkono mtupu, alirudi kwenye dona, dagaa na supu ya mapupu vuguvugu, akala polepole, akituinulia macho mmoja baada ya mwingine katikati ya matonge. Ugali aliula wote. Dagaa mmoja alimtoa, akamweka kando ya bakuli, akamwacha.

Mapatano sasa ni haya. Asubuhi dona na dagaa, bila maneno. Jioni nafaka yoyote, mradi iwe ya vuguvugu na mapupu yawemo. Maini ni mwisho wa mwezi. Andazi la mlinzi limepunguzwa likawa kipande, na baa ya kona imeambiwa Jeki amehama. Kinachotusumbua ni pilau ya Jumapili. Mimi nimeshikilia kwamba ina vitunguu na thomu; mama anadai nyama ikisuuzwa hakuna kitunguu kinachobaki, na kwamba bwana mifugo hajawahi kuila pilau yake. Bosi hadi sasa hajatoa msimamo. Jumapili iliyopita alilala chini ya meza upande wa mama, macho ameyafumba.