Sifa za Panya na Sahani Yake

Miongoni mwa viumbe waliohukumiwa bila kusikilizwa, panya anashika nafasi ya mbele, kwa kuwa tangu binadamu alipojenga kihenge chake cha kwanza amemwita mwizi na mharibifu, asijiulize ni mpangaji gani mwingine angeweza kukaa katika nyumba moja kwa maelfu ya miaka, akila kile kile anachokula mwenye nyumba, pasipo kulalamika hata siku moja kwamba mchuzi umezidi chumvi. Makala haya yanakusudia kumrudishia heshima yake, tena kwa kumsifu katika jambo lile lile linalohesabiwa kuwa aibu yake kuu, yaani ulaji. Na anayesifiwa hasa ni panya wa kufugwa, mzawa wa panya wa kahawia, ambaye huko Uingereza alianza kuingizwa sebuleni katika karne ya 19 na watu kama Jack Black, mkamata panya wa zama za Malkia Victoria, aliyelipwa ili awaue na akaona kwamba wale wenye rangi za kupendeza ni afadhali awazalishe na kuwauza.

Wanaocheka wanaposikia kwamba kuna watu wanaompimia panya mlo kamili wamesahau ni nani aliyemfundisha binadamu maana ya mlo kamili. Mwaka 1913, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis walitangaza kwamba panya waliolishwa mafuta ya nguruwe au ya zeituni walidumaa, ilhali wale waliopewa mafuta ya siagi au ya kiini cha yai waliendelea kukua, na kwa njia hiyo kikajulikana kile kirutubishi ambacho leo huitwa vitamini A, ambayo mama yeyote aliyewahi kupeleka mtoto kliniki ameisikia. Mwaka 1935 Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell akaonyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula, lakini wakapewa vitamini na madini yao yote, waliishi muda mrefu kuliko wenzao walioshiba kila siku. Kwa hiyo mfugaji anayesimama jikoni akikata karoti kwa ajili ya panya wake hamfanyii hisani yoyote. Analipa deni, na analilipa kwa kuchelewa.

Busara ya mlaji huyu inaonekana kabla hata hajatafuna. Maumbile yamemnyima uwezo wa kutapika, na kasoro hiyo imemlea katika tahadhari ambayo haionekani sana kwenye karamu za harusi: akikuta chakula kigeni huonja kidogo tu, kisha husubiri aone tumbo litasema nini, na akikutana na mwenzake aliyekwisha kula, humnusa mdomoni, na harufu anayoipata hapo humtia moyo wa kukijaribu chakula hicho. Tahadhari hiyo iliwatesa sana watengeneza sumu, hata wakalazimika kutafuta sumu isiyoua upesi, ili panya asiweze kuuhusisha ugonjwa wake na mlo alioula siku chache nyuma. Ndivyo ilivyoingia sokoni warfarini mwaka 1948, dutu inayozuia damu isigande, ambayo baadaye madaktari waliona inawafaa pia wagonjwa wenye damu inayoganda ovyo mishipani. Yaani hata mbinu ya kumuua panya imeishia kwenye kabati la dawa za binadamu.

Sahani yenyewe ni ya kawaida kabisa, na pengine ndiyo maana ni vigumu kuiandaa kila siku. Panya mzima hula gramu 15 hadi 20 hivi za chakula kikavu kwa siku, na hunywa takriban mililita 10 za maji kwa kila gramu 100 za uzito wake. Wafugaji wengi hutumia chakula cha punje zilizogandamizwa, ambamo nafaka, protini, vitamini na madini vimesagwa na kuchanganywa pamoja, kwa sababu akiwekewa mchanganyiko wa mbegu huchagua zile za alizeti zenye mafuta na kuziacha nyingine zote, tabia ambayo hailaumiwi na yeyote aliyewahi kuona mtoto akitoa nyama kwenye pilau. Juu ya punje hizo huongezwa mboga za majani, karoti, kipande cha tufaha, na mara moja moja yai la kuchemsha, ambalo panya hulishika kwa mikono miwili, akalizungusha na kulimega ukingoni kwa utaratibu. Maharage mabichi hapewi, kwa kuwa yana sumu inayoharibiwa kwa kuchemshwa vizuri tu. Wala dume halishwi maganda ya chungwa, kwa sababu mafuta yake hudhuru figo za panya dume. Karanga ndizo zinazokaguliwa zaidi, moja moja, ili isipite yenye ukungu, kwani sumukuvu inayotokana na ukungu huo husababisha saratani ya ini. Na ikumbukwe kwamba mkaguzi huyo aghalabu ana sahani ya chipsi mayai inayopoa pembeni, iliyokaangwa kwa mafuta ambayo hakuna aliyeyakagua.

Wapinzani watataja tauni, na hasa ile iliyoisumbua Lushoto kuanzia mwaka 1980, lakini mwenye kubeba lawama hapo ni kiroboto, ambaye humuuma panya kwanza na kumhamia mtu baadaye. Watasema pia kwamba panya hula kinyesi chake. Ni kweli, na hufanya hivyo ili kuvuna vitamini za kundi B zilizotengenezwa na bakteria wa utumboni, jambo linalothibitisha kwamba hatupi kitu chenye manufaa.

Heshima yake imefika mbali zaidi mjini Morogoro, ambako shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya wa aina nyingine, panya buku, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza liitwalo PDSA mwaka 2020. Malipo ya kazi hiyo ni ndizi iliyopondwa, nayo hutolewa papo hapo kila jibu linapokuwa sahihi, bila makato na bila kuambiwa asubiri mwisho wa mwezi. Tena panya buku ana vifuko ndani ya mashavu, kwa hiyo karanga asizozimaliza huzibeba hadi kwenye kiota chake na kuzifukia chini ya matandiko, ambako mtunzaji huzikuta siku ya usafi, akazifagia na kuzitupa, na panya huanza upya kuweka akiba jioni ile ile.